Karata za mazimwi, mawe ya Ngong na siri ya kesho

Liandikwalo ndilo liwalo, wahenga walisema. Hata hivyo binadamu hajapata kutosheka na maneno hayo. Akiwa na mgonjwa nyumbani, akiwa na mwana safarini, au biashara yake ikienda mrama, hutaka kuchungulia nyuma ya pazia ambalo Mwenyezi Mungu ameliteremsha baina ya leo na kesho. Wako waliotazama nyota, wako waliochora mchangani, wako waliomwaga mawe, na wako waliotandaza karata mezani.

Katika makala haya tutazungumza habari za karata hizo za kutazamia, ziitwazo taroti, na hasa zile za siku hizi zilizochorwa viumbe vya ngano: joka lenye mbawa na linalotema moto, farasi mwenye pembe moja, nguva wenye nywele ndefu, na ndege anayeungua akafufuka katika majivu yake. Jozi za namna hii huchapishwa Ulaya na Marekani kwa wingi, na wanunuzi wake wengi ni vijana. Tutazilinganisha na mawe ya laiboni wa Kimasai, kwa sababu chini ya vilima vya Ngong, upande wa magharibi unaoteremkia Bonde la Ufa, ndipo palipo Kimuka katika Kajiado, na vilima hivyo vina hadithi kubwa ya utabiri. Ukifika mwisho, msomaji mpenzi, utaona kwamba jambo hili lililo mbali lina mizizi yake karibu kabisa na baraza zetu za Mwambao.

KOPA, URU, PAO NA SHUPAZA

Tuanze na jambo ambalo kila mzee aliyekaa barazani akicheza karata baada ya alasiri analijua kwa ulimi, ingawa huenda hajalifikiri. Karata zetu zina rangi nne: kopa, uru, pao na shupaza. Mbona basi ile yenye umbo la moyo ikaitwa kopa? Kopa si moyo. Ni neno la Kireno, copas, maana yake vikombe. Uru ni ouros, yaani dhahabu, sarafu za dhahabu. Pao ni paus, yaani fimbo au magongo. Na shupaza ni espadas, yaani panga. Majina yalishuka Mwambao pamoja na Wareno, waliojenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593 na kufukuzwa humo na Waarabu wa Oman mwaka 1698. Wareno waliondoka, mizinga yao ikanyamaza, lakini vikombe, sarafu, fimbo na panga zao zikabaki vinywani mwetu.

Sasa sikiliza. Ukifungua jozi ya taroti, utakuta rangi zake nne ni hizo hizo: vikombe, sarafu, fimbo na panga. Maumbo ya moyo na almasi tunayoyaona katika karata za kawaida yalibuniwa Ufaransa katika karne ya 15 ili yawe rahisi kupiga chapa. Taroti ilibaki na picha za zamani. Kwa hiyo mchezaji wa Mombasa au Unguja ambaye hajapata kuiona taroti maishani mwake huzitaja rangi zake kila jioni.

Wala si hayo tu. Tunaposema karata fulani ni turufu, tunatumia neno la Kireno trunfo, ambalo ni ndugu wa neno la Kitaliani trionfi, maana yake ushindi. Na trionfi ndilo jina la kwanza la zile karata 22 za picha zinazoitofautisha taroti na karata nyingine zote.

KUTOKA MISRI YA SULTANI

Wareno walizitoa wapi karata zao? Hapa ndipo hadithi inapomgusa zaidi msomaji wa Kiislamu. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul imehifadhiwa jozi ya karata za Misri za zama za masultani wa Kimamluki. Mtaalamu L. A. Mayer aliandika habari zake mwaka 1939. Karata hizo ni ndefu, zapata sentimita 25, na jozi kamili ilikuwa na karata 52. Zilikuwa na rangi nne: panga, vikombe, dirhamu, na fimbo za mchezo wa polo uliopendwa na wakuu wa dola ile.

Hazikuwa na sura ya mtu hata mmoja. Mfalme hakuchorwa ndevu wala taji. Cheo chake kiliandikwa tu kwa hati nzuri ya Kiarabu juu ya nakshi ya dhahabu na buluu: huyu ni mfalme, huyu ni naibu wa mfalme, na huyu ni naibu wa pili. Neno hilo naibu, tunalolitumia hata leo kwa naibu waziri na naibu mwalimu mkuu, ndilo lililokwenda Ulaya pamoja na karata. Mwaka 1377 wakuu wa mji wa Florence, Italia, walipitisha amri juu ya mchezo mgeni wakauita naibbe. Mpaka leo Wahispania huziita karata naipes.

Kwa hiyo karata ziliingia Ulaya zikiwa mchezo kutoka nchi ya Waislamu. Hatuna maana kwamba mchezo ule ulikuwa halali au haramu. Hilo lina wanavyuoni wake, na wao wametofautisha baina ya kucheza kwa pesa na kujiburudisha. Tunasema tu kwamba hapakuwa na utabiri ndani yake. Hapakuwa na jini, wala zimwi, wala shetani mwenye pembe.

Waitaliani wakaongeza picha. Kadiri ya mwaka 1440, katika majumba ya makabaila wa Milan na Ferrara, kulitengenezwa jozi mpya yenye karata 78: 56 za rangi nne, na 22 za turufu zenye picha za mfalme mkuu, papa, mwezi, jua, mauti, gurudumu la bahati, na nyinginezo. Nazo pia zilikuwa za kuchezea tu. Kwa zaidi ya miaka 300 watu wa Italia na Ufaransa walicheza taroti kama sisi tunavyocheza arubastini, wakigombana, wakitaniana, na kwenda nyumbani.

UWONGO ULIOPATA MASHIKO

Mambo yaligeuka mwaka 1781. Mfaransa mmoja aitwaye Antoine Court de Gébelin aliandika katika kitabu chake kikubwa kwamba taroti si mchezo, bali ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya Firauni, kilichofichwa katika umbo la mchezo ili kisiangamie. Hakuleta ushahidi. Wala hangeweza kuuleta, maana wakati ule hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya kale ya Misri. Champollion aliyafumbua mwaka 1822, miaka 41 baadaye. Maandishi yaliposomeka, hapakuonekana habari yoyote ya karata.

Lakini maneno yalikwisha kuenea. Miaka michache baada ya kitabu hicho, mtabiri wa Paris aliyejiita Etteilla alitoa jozi yake mwenyewe, ya kutazamia tu. Mwaka 1909, mjini London, kampuni ya William Rider ilichapisha jozi iliyoagizwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na mwanamke aitwaye Pamela Colman Smith. Jozi hiyo ndiyo iliyozaa karibu zote tunazoziona leo. Wengi walinufaika nayo, lakini mchoraji mwenyewe alilipwa kidogo, na alipofariki mwaka 1951 hakuwa na mali. Mganga hajigangi, na mchora bahati za watu hakuiona yake.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba Court de Gébelin, katika kukosa kwake, alikaribia kupata. Karata zilitoka Misri kweli. Ila hazikutoka kwa Firauni na makuhani wake. Zilitoka Kairo ya misikiti na masoko, kwa watu waliosali sala tano. Ulaya iliisahau Misri hiyo ya Waislamu, ikabuni nyingine ya mizimu, kwa sababu ile ya mizimu iliuzika zaidi.

VIUMBE VYA NGANO

Hizi jozi za mazimwi zilizoenea siku hizi zimefuata njia hiyo hiyo. Wachoraji wameziacha picha za wafalme na mapapa wakaweka viumbe. Mara nyingi kila rangi hupewa moja ya asili nne za wahenga wa Kiyunani: vikombe huwa maji, basi hujazwa nguva na majoka ya bahari, fimbo huwa moto, hukaa humo ndege wa moto, panga huwa hewa, na sarafu huwa udongo. Mtabiri huzichanganya karata, humwambia mteja akate, huzitandaza kumi au chini ya hapo, kisha husoma: hili joka lililokulalia kushoto ni adui wa siri, huyu farasi wa pembe ni heri inayokuja.

Sisi watu wa Mwambao hatuna upungufu wa viumbe vya ajabu. Tunalo zimwi la hadithi za bibi, na chunusi anayewavuta waogeleaji kisimani na baharini. Tunaye Nunda mla watu, ambaye Askofu Edward Steere alimtia katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja uliochapishwa London mwaka 1870. Tunaye ndege Rukh wa safari za Sindbadi, ambaye Marco Polo alisimuliwa kwamba makao yake ni visiwa vilivyo upande wa Bukini. Wamasai nao wana kiumbe wao katika ngano, nusu mtu na nusu jiwe. Na huko huko Kajiado, ukingoni mwa mbuga ya Nairobi, karakana ya vioo ya Kitengela iliyoanzishwa na msanii Nani Croze imejaza bustani yake masanamu ya viumbe vya kubuni yaliyopambwa kwa vipande vya vioo vya rangi.

Lakini angalia tofauti. Bibi alipotusimulia habari za Nunda, alitufundisha ushujaa, na aliposema hadithi imekwisha, tulikwenda kulala. Hakutuambia Nunda anaijua siku ya ndoa yetu. Zimwi la hadithi halina dhara mpaka mtu atakapolipa kazi ya malaika.

MAWE YA LAIBONI

Sasa twende bara. Yeyote anayeondoka mji wa Ngong kuelekea Suswa hupita nyuma ya vilima na kuteremka hadi Kimuka, nchi kavu yenye upepo mkali. Juu ya migongo ya vilima huzunguka mitambo ya kampuni ya KenGen inayotoa umeme kwa upepo. Riwaya moja ya Wamasai yasema kwamba ni katika vilima hivi ambapo watu wa ukoo wa Ilaiser walimkuta mtoto wa ajabu, peke yake, hana baba wala mama. Wakamchukua wakamlea, na kizazi chake ndicho ukoo wa Inkidongi, ukoo wa malaiboni. Jina lao latokana na enkidong, kibuyu anachotilia laiboni mawe yake.

Mwingereza A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu juu ya Wamasai mwaka 1905, alitaja njia nne za laiboni za kujua yajayo: kuangalia matumbo ya mbuzi, kuota ndoto, kusema akiwa amelewa, na iliyo kubwa, kutia kokoto katika pembe ya nyati au ya ng'ombe, kuzitikisa na kuzimwaga. Kokoto huhesabiwa, na kila hesabu ina maana yake.

Msomaji anayejua mambo ya ramli ataona udugu. Mpiga ramli naye hutia vitone mchangani bila kuvihesabu, kisha huvitazama kama ni witiri au shufwa. Mistari minne, kila mmoja ukiwa na njia mbili, hutoa maumbo 16, na kwa hayo 16 husema habari za ndoa, safari, mgonjwa na mwizi. Ibn Khaldun, aliyekaa Kairo miaka yake ya mwisho hadi kufa mwaka 1406, katika mji ule ule na zama zile zile za karata za Kimamluki, aliwaeleza wapiga ramli wa mijini kuwa ni watu waliofanya jambo hilo njia ya kutafutia riziki. Mawe, mchanga au karata: chombo ni mbalimbali, na kazi ni moja. Mambo yasiyo na mpango hutupwa chini, na mtu hodari wa kusoma nyuso huyapa mpango.

MBATIANI NA WANAWE

Katika malaiboni hakuna aliyevuma kama Mbatiani, aliyefariki yapata mwaka 1890. Yasimuliwa kwamba alipokaribia kufa alimwambia mwanawe mkubwa, Sendeu, aje alfajiri apewe vyombo vya ulaiboni. Ndugu yake Olonana alikuwa amejificha akasikia. Akamtangulia kwa baba, ambaye jicho lake moja halikuwa zima, akachukua vyombo na baraka. Sendeu alipofika alikuta mambo yamekwisha. Hapo ndugu wakaingia vitani, na vita havikwisha mpaka Sendeu aliposalimu amri mwaka 1902.

Hebu tufikiri kidogo. Mtu aliyesemwa kuwa anaona mambo ya miaka mingi mbele hakumwona mwanawe aliyejificha kando.

Husimuliwa pia kwamba Mbatiani alitabiri maradhi ya ng'ombe, kuja kwa watu weupe, na nyoka wa chuma atakayepita nchini. Mambo hayo yote yalitokea. Sotoka iliua ng'ombe miaka ya 1890, ikafuatwa na njaa na ndui. Nyoka wa chuma alianza kutambaa kutoka Mombasa mwaka 1896, akafika Nairobi mwaka 1899. Na mwezi wa Oktoba 2019 nyoka mwingine, yaani reli mpya ya kwenda Naivasha, alifunguliwa rasmi, naye hupenya chini ya vilima vya Ngong kwa handaki la zaidi ya kilomita nne na kutokea upande wa bondeni.

Ila utabiri unaosimuliwa baada ya jambo kutokea hauna mizani. Waliosikia mia husimulia moja iliyopata. Tisini na tisa zilizokosa hakuna anayezitia katika hadithi, maana hazina utamu.

Na laiti ujuzi wa mawe ungalifaa kitu, ungalifaa mwaka 1904. Mwaka huo Olonana, ambaye Waingereza walimfanya mkuu wa Wamasai wote, alitia alama yake katika mapatano ya kuwaachia walowezi ardhi nzuri ya Bonde la Ufa. Wamasai waligawanywa, wengine Laikipia na wengine kusini, kwa ahadi kwamba mapatano yatadumu maadamu kabila la Wamasai lipo. Ahadi hiyo iliishi miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata yakafanywa mapatano ya pili ya kuwaondoa watu Laikipia. Waingereza walisema hayo ndiyo yaliyokuwa mausio ya Olonana kitandani. Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa baina ya madola, na mahakama haina mamlaka juu yake. Watu walihamishwa na ng'ombe wao, na wengi wa ng'ombe hao walikufa njiani.

Hatusemi haya kuwacheka Wamasai. Hata Mwambao ulikuwa na wanajimu wake, na masultani waliokuwa hawaweki jahazi majini bila kuulizia saa njema; nao pia bendera zao zilishuka. Twasema haya kwa sababu ndipo palipo na uzito wa mambo. Aliyeangalia karatasi ya mapatano, akauliza wino ule una maana gani, ndiye aliyeiona kesho. Ole Gilisho alitafuta wakili, na ingawa alishindwa, alishindwa akiwa njia ya haki. Mawe hayakumsaidia mtu.

MCHEZO, HADITHI NA GHAIBU

Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, kamari na mishale ya kutazamia vimetajwa pamoja katika makatazo. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakitoa mishale katika podo ili wajue wasafiri au wakae. Mshale, jiwe na karata ni ndugu wa tumbo moja. Na katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim tumeonywa kwamba mwenye kumwendea mtabiri na kumwuliza jambo, sala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Onyo hilo halikubagua kama mtabiri amevaa ngozi ya mbuzi, au kanzu, au suti ya Ulaya.

Kwa hiyo mzazi akimkuta kijana wake na jozi ya mazimwi, ni vyema asianze kwa fimbo. Amwulize kwanza: Mwanangu, wazitakia nini? Ikiwa kijana avutiwa na uchoraji, zungumza naye habari za Rukh na Nunda, umwonyeshe hati na nakshi za jozi ya Topkapi, ajue kwamba mkono wa Mwislamu uliweza kupamba karata bila kuchora pembe za shetani. Ikiwa azitakia kuijua kesho, basi aambiwe ukweli wa historia: kwamba kitu hicho kilikuwa mchezo kwa miaka zaidi ya 300, mpaka mtu mmoja wa Paris alipokipa nasaba ya uwongo, na wafanyabiashara wakakipa bei.

Mwenye dhiki ya uamuzi hakuachwa bila mlango. Anazo rakaa mbili za istikhara na dua yake, kisha ashauriane na watu wazima, afanye kazi, na amtegemee Mola wake. Istikhara haimwonyeshi mtu picha ya kesho. Humwomba Anayeijua kesho amchagulie lililo la heri.

Na jioni, akitaka kupumzika barazani, kahawa ipo na karata zipo. Wenye kopa watupe kopa, mwenye turufu aitoe, bila pesa na bila kupitisha wakati wa sala. Vikombe vile vimesafiri kutoka Kairo hadi Ureno, na kutoka Ureno hadi Mombasa, na safari yote hiyo havikumwambia mtu atakufa lini.